Mpangaji wangu mgeni hanywi chai. Je, nimemkosea?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina nyumba Ipagala, na vyumba vya uani nimewapangisha vijana wawili, wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hawa wanaoitwa Wamormoni. Mmoja ni Mganda, tumeshazoeana. Mwenzake wa mwanzo alikuwa mcheshi, wanangu walimpenda, lakini Jumanne ya wiki iliyopita aliondolewa ghafla, akaletwa Mzungu mpya wa miaka 19. Kesho yake nikampelekea chai ya maziwa na maandazi. Akasema 'hapana', akanirudishia sinia zima. Alhamisi nikamkaribisha ndani aangalie TV, akabaki kasimama mlangoni kama mtu anayekuja kudai. Juzi Jumatatu usiku nimemsikia analia. Mume wangu yuko safarini, na majirani wananiambia hao ni Freemason. Nimemkosea nini huyu kijana, na nimsaidieje?"

Marahaba, mama. Hujamkosea chochote. Kijana amekataa chai, hajakukataa wewe. Ila kwa Kiswahili alicho nacho wiki ya kwanza, hayo mawili yanatoka na neno moja tu: hapana.

Nimefundisha Kiswahili kwa wageni hapa Dodoma kwa miaka mingi. Nimekuwa na madaktari, wahandisi wa barabara, wanafunzi, na wamisionari wa makanisa ya kila aina. Mimi si wa kanisa lao hao wapangaji wako, ni Mwanglikana. Lakini nimekaa na vijana wao vya kutosha kujua kwamba karibu kila uliloniandikia lina maelezo yake, na mengi ya maelezo hayo ni kanuni ambazo kijana hakuzitunga yeye.

Tuanze na sinia, maana ndilo lililokuuma.

Wamormoni wana fundisho wanaloliita Neno la Hekima. Ni la tarehe 27 Februari 1833, wakati Joseph Smith, mwanzilishi wao, akiishi Kirtland, Ohio, kule Marekani. Linakataza pombe, tumbaku na "vinywaji vya moto", na viongozi wao wakafafanua kwamba vinywaji hivyo ni chai na kahawa. Kwa hiyo hoja si joto. Uji wa moto anakunywa, maziwa ya moto anakunywa. Kinachokatazwa ni majani ya chai na kahawa, hata ukiviweka kwenye friji vikapoa mpaka vikaganda.

Sasa tazama ilivyokuwa. Sisi tukisema "karibu chai" saa mbili asubuhi, hatuzungumzii majani. Tunamwita mtu kwenye kifungua kinywa. Ndani ya hilo neno "chai" kuna maandazi, viazi vitamu, mayai, hata wali uliolala jana. Mtu anaweza kuja "kunywa chai" kwako, akala mihogo, akashushia na maji, na bado akaenda kusema amekunywa chai kwa mama fulani. Mgeni hajui hayo. Ameambiwa darasani kwamba chai ni kile kitu asichoruhusiwa kukigusa. Akasikia neno, akaona rangi kwenye kikombe, akashtuka, akarudisha sinia lote na maandazi yake. Nina hakika maandazi aliyatamani.

Kosa lake halisi ni la lugha. Wenzake wa kwao wanafundishwa tangu utotoni kwamba ukisema hapana na ukaongeza asante, umeshakuwa mtu mwenye adabu. Kwetu "hapana" kavu mbele ya chakula ni sawa na kumfungia mtu mlango usoni. Wanafunzi wangu wote huwa nawakaririsha sentensi moja kabla hawajajifunza hata kuhesabu: "Nashukuru sana mama, chai situmii, ila nikipata maji nitafurahi." Neno lenyewe ni "situmii". Ukisema situmii, kila mtu anaelewa, iwe ni dawa, ni dini au ni tumbo lako, na hakuna anayekudadisi. Halafu unaomba kitu kingine, ili mwenyeji asibaki na mikono mitupu. Mfundishe hiyo, dakika tano zinatosha.

Na wewe ukitaka kumpa kitu, uwanja ni mpana. Mchaichai hauna majani ya chai, anakunywa. Tangawizi peke yake, anakunywa. Juisi ya rosela, ubuyu, uji wa ulezi, vyote sawa. Zabibu mpe hata kilo, mji wetu unazo, ila zikishageuka mvinyo asikuone nazo. Ugali wa uwele na mlenda pia mpe, ingawa mlenda nakushauri usubiri wiki ya pili, maana ule utelezi umeshawatoa jasho wanaume wazima kutoka Arusha, sembuse mtoto wa watu kutoka ng'ambo. Ukitia mchaichai kwenye flaski, mwambie waziwazi kwamba hauna majani, na mwambie yule Mganda kwanza. Kitu kingine: Jumapili ya kwanza ya mwezi hufunga, hukosa milo miwili mfululizo. Siku hiyo usihangaike kupika.

Kuhusu kusimama mlangoni. Mumeo hayupo, na ulikuwa peke yako ndani. Wamisionari hawa hawaruhusiwi kabisa kuwa faragha na mtu wa jinsia nyingine, awe binti wa miaka 20 au bibi wa 80. Tena muda wote anatakiwa awe mahali ambapo mwenzake anamwona na kumsikia. Ndiyo maana huwezi kukutana na mmoja akiranda peke yake sokoni Majengo. Ukitaka kuwakaribisha, weka viti barazani au chini ya mwarobaini, waite wote wawili, watakaa mpaka ukinai. Na TV usimkaribishie tena. Kwa miaka miwili hao hawaangalii tamthilia wala mpira. Usidhani amedharau king'amuzi chako.

Miaka miwili, ndiyo. Wanaume hutumikia miezi 24 na wanawake miezi 18. Hawalipwi mshahara. Wao na familia zao ndio wanaochangia gharama, na wasiojiweza husaidiwa na kanisa. Hapo hapo niseme: kodi yako inalipwa na ofisi ya misheni, na kijana mwenyewe anapewa posho ndogo ya kula na nauli. Ukisikia mtu hapo mtaani anapanga kwenda kumkopa kwa kuwa ni Mzungu, mzuie, atamtia aibu bure.

Yule mcheshi mliyempenda hajafukuzwa wala hajagombana na mtu. Ni uhamisho tu. Kila baada ya wiki sita hivi rais wa misheni, yaani kiongozi wao, hupanga upya nani akae na nani na wapi. Mwingine hukaa sehemu moja miezi sita, mwingine wiki sita tu. Taarifa huja siku chache kabla, na mtu anafunga begi. Ndiyo maana hakuaga nyumba nzima. Eneo la kazi ni la misheni, si lake. Kwa sisi wa Dodoma neno lenyewe "eneo" linachekesha kidogo, maana mji umejaa Area A, Area C na Area D, na nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyedhani mitaa yetu imegawanywa na kanisa lake.

Mgeni wako ni mpya kabisa, na hapo ndipo pazito. Wiki kumi na mbili za kwanza yuko chini ya mkufunzi, ambaye ni huyo huyo Mganda wako, na mkufunzi mwenyewe huenda anamzidi mwaka mmoja tu. Siku yao inaanza saa 12:30 asubuhi, na taa zinazimwa saa 4:30 usiku. Asubuhi wanasoma maandiko na lugha, halafu ni miguu mchana kutwa. Fikiria kijana aliyekuwa na chumba chake, gari la baba yake, marafiki, halafu ghafla yuko Ipagala kwenye upepo huu wa vumbi, maji ya bomba yana chumvichumvi, na kila anayemsemesha anasema haraka. Kubwa kuliko yote, amegeuka bubu. Kwao alikuwa anajua kutania, alikuwa anajua kujibu. Hapa mtoto wa miaka minne anamshinda kwa maneno. Nimewaona wengi, na nakwambia chakula na joto huzoeleka upesi. Kinachowaliza ni huo ububu.

Ndiyo, Jumatatu usiku alilia, na siku yenyewe haikuwa ya bahati mbaya. Jumatatu ndiyo kawaida yao ya kufua, kununua mahitaji na kuongea na nyumbani. Zamani walikuwa wakiandika tu kila wiki, na kupiga simu mara chache kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Tangu Februari 2019 wameruhusiwa kuongea na wazazi kila wiki, hata kwa video. Kama kwao ni Utah, saa tatu usiku ya kwetu wakati wa kiangazi chao ni saa sita mchana kule. Mama yake alikuwa jikoni, jua linawaka, mbwa anapita nyuma. Simu ikakatika, akabaki na ukuta wa uani kwako. Kwa maoni yangu simu hizi ni jambo jema, ila wiki za kwanza zinakwaruza kidonda kila kinapotaka kukauka. Usimwendee kumpa pole usiku ule. Mwache. Asubuhi msalimie kama kawaida, na kwa sauti.

Sasa nikupe mkasa mmoja, ili ujue ninaposema ububu namaanisha nini.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa kanisa hilo hilo, wiki yake ya kwanza mjini. Alikuwa amekariri sentensi: "Tumekuja kuomba pamoja nawe." Wakafika kwa bibi mmoja Chang'ombe. Bibi yuko uani anapepeta. Kijana akapiga hodi, akakaribishwa, akasimama. Shati jeupe, tai, shingo nyekundu kwa jua, viatu vyeusi vimekuwa rangi ya udongo. Hofu ikamshika, nusu ya sentensi ikamtoka kichwani, akasema: "Bibi, tumekuja kuomba."

Bibi akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. Hakusema kitu. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na ungo, juu yake kibaba cha unga wa mtama. "Chukua mjukuu wangu, ndio niliobaki nao."

Kijana akaupokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshika kitabu. Makosa mawili kwa mpigo. Mwenzake, Mkenya, akawa anatazama juu ya mti asicheke. Alipojikaza akaeleza kwamba walitaka kusali, si kuombaomba, bibi alicheka mpaka akakaa chini. Lakini unga hakuukubali urudi. Walikuja nao darasani kwangu kwenye mfuko wa rambo. Tangu siku hiyo kwangu neno la kwanza kwa mmisionari ni "kusali". "Kuomba" wanakuja kulipata baadaye, wakishajua kuvaa sura inayolingana nalo.

Kwa hiyo mgeni wako akikwambia kitu cha ajabu, subiri kidogo kabla hujaumia. Uliza mara ya pili, polepole, kwa maneno mengine. Na akikosea, mrekebishe hapo hapo huku unacheka. Vijana hawa huwa hawaumii kwa kuchekwa, wanaumia kwa kunyamaziwa.

Jambo la saa pia. Ukimwambia maji yanatoka saa mbili, mwonyeshe kwenye simu ni saa mbili ipi. La sivyo atakuja na ndoo zake mchana wa jua kali.

Halafu kuna jina. Kwa Kiingereza mmisionari wa kiume huitwa Elder, na katika machapisho yao ya Kiswahili cheo hicho ni Mzee. Sasa mtoto wa miaka 19, ndevu hajaota sawasawa, anajitambulisha mbele ya babu wa Kigogo kwamba yeye ni Mzee Fulani. Nimeona mababu wakigeuka kumtafuta huyo mzee aliyetajwa. Watoto wako nao watamwamkia "shikamoo Mzee", na yeye atajibu "shikamoo", watazunguka hapo mpaka jua lizame. Mpe kazi mwanao mkubwa: wiki hii amfundishe "marahaba" tu, na ni nani anayempa nani. Ukitaka kumpendezesha mtaa mzima, mfundishe na "mbukwenyi", salamu ya Kigogo. Mzungu akipita kwenye kundi la wazee wa Kigogo akasema mbukwenyi, hata kama mengine yote hayajui, atapewa kiti.

Freemason. Mama, mji huu mtu akijenga ghorofa kabla ya jirani yake ni Freemason. Ukweli ulioandikwa ni kwamba Joseph Smith mwenyewe alijiunga na Freemason mwaka 1842 huko Nauvoo, Illinois, na hilo kanisa halifichi. Lakini kanisa lenyewe lilishaanzishwa tarehe 6 Aprili 1830, na Freemason si sehemu yake. Uvumi unapata nguvu kwa sababu mahekalu yao hayaingiwi na asiye muumini baada ya kuwekwa wakfu. Ibada za Jumapili, kwa upande mwingine, ziko wazi kwa yeyote. Majirani wakitaka la kuuliza, yapo yenye uzito zaidi. Wawaulize kwa nini mpaka Juni 1978 kanisa hilo halikuwapa wanaume weusi ukuhani, jambo ambalo lingemgusa huyo Mganda wako moja kwa moja. Au kuhusu ndoa za wake wengi, ambazo waliziacha rasmi kwa tamko la mwaka 1890, na leo muumini anayeoa wa pili hutengwa. Nimewauliza mimi mwenyewe. Wanajibu, wengine vizuri, wengine wanababaika, lakini hawakimbii swali.

Watataka kukufundisha dini yao? Ndiyo, watakuomba, ndiyo kazi iliyowaleta. Wakisema "tungependa kukushirikisha ujumbe" na wewe hutaki, sema: "Nashukuru, mimi nina kanisa langu, lakini mnakaribishwa kama wapangaji wangu." Watasema sawa, labda wajaribu tena mara moja. Kuhusu watoto usiwe na wasiwasi: kwao mtoto hubatizwa kuanzia miaka minane, na kwa idhini ya wazazi. Hakuna atakayembatiza mwanao nyuma yako. Ugogo, kwa kweli, si mgeni wa wamisionari. Wa CMS, shirika la wamisionari la Kianglikana la Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876, na misafara ya siku hizo ilikuwa inalipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi ndipo ipite na kupata maji. Wako wamelipa kodi ya miezi, hawadaiwi hongo.

Sasa, umsaidieje. Wahenga wetu walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa hawa naichukua kama ilivyo. Huduma kwa jirani ni sehemu ya kazi yao, wanahimizwa kuifanya, na mara nyingi hawajui pa kuanzia kwa sababu hakuna anayethubutu kumtuma Mzungu. Mtume. Waambie wote wawili kwamba madumu ya maji yanakushinda kwa kuwa baba hayupo, wakubebee kutoka bombani. Au wakupalilie nyuma ya nyumba, au wakupake chokaa ukutani. Mtu anayebeba dumu hahitaji sarufi. Anafundishwa "shika hapa", "weka pale", "polepole", "bado moja", na hayo ndiyo maneno yasiyosahaulika, kwa sababu yameingia kwa mikono.

Na Jumatatu ijayo, akitoka kufua, mtazame mikono. Nadhani itakuwa imechubuka kwenye vifundo vya vidole. Wengi wao hawajawahi kufua kwa mkono maisha yao yote, wanakwangua kola ya shati jeupe kama wanakwangua sufuria lililoungua, na vumbi letu jekundu bado linabaki. Chukua beseni lako, kaa mbali hatua tatu, mwenzake akiwepo, na ufue shati moja la mumeo polepole aone: kuloweka kwanza, sabuni kwenye kola, kitambaa kisuguliwe kwa kitambaa na si kwa ngozi. Usieleze sana. Atakuiga.

Geti ukilifunga saa nne usiku hawatakusumbua, kwa kawaida saa tatu hivi wanakuwa wamesharudi. Ila funguo mpe Mganda. Huyu mpya bado ataipoteza.